Shahada ya kriminolojia Kenya: karo ni ngapi, na mwisho wake ni kazi gani?

dada_mkubwa (mwanzisha uzi)

Hamjambo humu. Kitinda mimba wetu alipata B- kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, wamempa nafasi ya kusoma kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu. Nyumbani ni furaha tupu, mama ameshaanza kumwita afande. Mimi nilisoma kozi hiyohiyo, nikahitimu 2016, na kabla sijapata kazi ya kwanza nilizunguka na bahasha ya kaki miaka miwili na nusu. Barua yake ilipofika sikupata usingizi. Niliamka, nikachukua daftari, nikapiga hesabu. Nimeonelea niziweke hapa maana kila mwaka msimu huu swali ni lile lile: chuo gani kinafundisha kriminolojia kwa bei nafuu?

Nitalijibu, ila nawaomba msome mpaka kwenye habari za kazi, kwa sababu hasara yangu mimi haikutoka kwenye karo.

Sisi tuliopelekwa na serikali enzi zile tulilipa shilingi 16,000 za masomo kwa mwaka, na ada ndogondogo juu yake. Ilikuwa hivyo Egerton, ilikuwa hivyo Masinde Muliro kule Kakamega, ilikuwa hivyo Chuka. Mzee aliuza mbuzi, mwaka ukaisha. Waliojiunga kuanzia 2023 wako kwenye mpango mwingine. Kila kozi ina gharama yake kamili, na gharama hiyo inakatwa mafungu matatu: ufadhili wa serikali ambao haurudishwi, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ambao utaurudisha, na fungu la familia. Hali ya nyumbani ndiyo inayoamua mtoto anaangukia daraja gani kati ya matano. Daraja la kwanza, la wasiojiweza kabisa, serikali inatoa asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Daraja la tatu ni 50, 30 na 20. Daraja la tano ni 30, 30 na 40. Mbali na hayo kuna mkopo wa kujikimu: 60,000 kwa mwaka kwa daraja la kwanza, ukishuka hadi 40,000 kwa la tano.

Mpango wenyewe umeyumbayumba. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, kisha serikali ikatangaza kupunguza karo kwa kati ya asilimia 15 na 40 kuanzia Septemba 2025. Kwa hiyo usichukue karatasi ya karo ya binamu yako aliyeingia 2023 ukadhani ni yako. Fungua ukurasa wako mwenyewe wa ufadhili usome kilichoandikwa mle.

Ili hesabu ieleweke, nichukue kozi ya kufikirika inayogharimu 180,000 kwa mwaka. Mtoto wa daraja la tatu: familia italipa 36,000 kwa mwaka, yaani 144,000 kwa miaka minne. Mkopo wa karo ni 54,000 kwa mwaka, 216,000 kwa minne. Mkopo wa kujikimu ni 50,000 mara nne, 200,000. Siku anayovaa joho anadaiwa 416,000 na HELB hata kabla ya riba. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, kiasi cha 16,640 kwa deni hilo, na hiyo inavumilika. Kinachoua ni faini: ukipitisha mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo bila kuanza kulipa, unatozwa 5,000 kila mwezi. Hiyo ni 60,000 kwa mwaka, mara tatu na zaidi ya riba yenyewe. Mimi sikujua. Nilidhani asiye na kazi hadaiwi. Nilipopata kazi ya kwanza na kwenda kuchukua cheti cha HELB ambacho waajiri wengi wa serikali hukidai, nilikuta faini imepanda mpaka nikakaa chini pale nje kwenye ngazi. Kama huna kazi, waandikie, waeleze, omba upewe muda. Fanya hivyo kabla mwaka haujaisha.

Sasa chuo. Kwa aliyepelekwa na KUCCPS kwenye chuo cha umma, tofauti ya karo kati ya chuo na chuo si ya kumnyima mtu usingizi. Tofauti kubwa iko kwenye nyumba na nauli. Hosteli za ndani zikijaa utapanga nje, na mwenye nyumba hajui daraja lako ni la ngapi. Mimi nilipanga bedsita ya 3,500 kwa mwezi, na kwa miezi tisa ya masomo kodi peke yake ilikuwa karibu mara mbili ya karo yangu. Chuo kilicho karibu na shangazi kinaweza kuwa nafuu kuliko chuo chenye karo ndogo mji usio na mtu wako.

Chuo cha binafsi ni habari nyingine kabisa. Chini ya mpango mpya mwanafunzi wa chuo binafsi anaweza kuomba mkopo, lakini ufadhili ule usiorudishwa hapati. USIU pale Thika Road wana shahada ya masomo ya haki jinai, na wana maktaba ambayo wengi wetu tungeitamani. Lakini mzazi akilipa kwa kukopa, au kwa kuuza shamba, aulize kwanza kazi inayofuata itamrudishia lini.

Tazameni pia jina la shahada na uniti zilizomo. Egerton wanaiita shahada ya sanaa ya kriminolojia na masomo ya usalama. Dedan Kimathi pale Nyeri, jirani na chuo cha polisi cha Kiganjo, wanaiita ya sayansi, kriminolojia na usimamizi wa usalama. Usidanganyike na neno sayansi, wala usilipuuze. Chukua orodha ya uniti za miaka yote minne uhesabu: takwimu ngapi, sheria ya ushahidi ngapi, kompyuta ngapi, saikolojia ngapi, na ngapi ni utangulizi wa hiki na utangulizi wa kile. Yetu ilijaa utangulizi. Nilihitimu naweza kueleza kwa nini kijana wa mtaa fulani anaiba kuliko wa mtaa mwingine, lakini sikuweza kusoma taarifa ya benki ya kurasa tatu.

Sasa kazi, na hapa nitakaa.

Polisi. Wengi huichukua kozi hii wakidhani ni mlango wa polisi. Sifa ya konstebo kwenye tangazo ni D+ ya KCSE, na D+ ya Kiingereza au Kiswahili, umri kati ya miaka 18 na 28, na urefu wa futi 5 inchi 8 kwa wanaume, futi 5 inchi 3 kwa wanawake. Hakuna mahali panaposema kriminolojia. Novemba 2025 waliposajili makuruta 10,000, mwenye shahada na mwenye D+ walipanga mstari mmoja uwanjani, wakapimwa kwa fimbo moja, wakakimbia pamoja. Rafiki yangu wa darasani, aliyekuwa wa kwanza katika uniti ya sheria ya jinai, alikosa inchi moja. Hakuulizwa swali jingine lolote. Na usajili hauji kila mwaka, kwa hiyo anayemaliza shahada akiwa na miaka 24 ana nafasi chache sana kabla ya kugonga 28.

Maabara. Mdogo wangu huyu ameona kwenye televisheni watu wa glavu na pamba za kupangusia damu, anataka hiyo. Dada yake ninamwambia ukweli: hiyo si kriminolojia. Sampuli za vinasaba na dawa za kulevya zinapimwa kwa Mkemia wa Serikali, na huko wanataka kemia, biokemia na ndugu zake. Maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa jinai iliyofunguliwa 2022 pale makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Kiambu Road, ina wataalamu wa alama za vidole, risasi na kompyuta, lakini wengi wao ni maafisa wa polisi kwanza. Ina maana unaingia kwa mlango ule ule wa fimbo na mbio, kisha unachaguliwa ukiwa ndani.

Kuendesha mashtaka. Hapana. Hiyo ni kazi ya mawakili. Polisi waliokuwa wakiendesha kesi mahakamani walishaondolewa, kazi ikaenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ukitaka hilo soma sheria.

Probesheni, yaani kuwachunguza na kuwaangalia wakosaji nje ya jela. Hapa shahada yetu inatajwa kwa jina, pamoja na sosholojia, saikolojia na ustawi wa jamii. Shida ni kwamba Tume ya Utumishi wa Umma huajiri wachache na kwa vipindi, na mnashindana na wahitimu wa kozi hizo zote nyingine. Niliomba mara mbili, sikuitwa. Siiwekei tumaini kubwa.

Kampuni za ulinzi. Ndiko nilikoanzia. Chumba cha redio, zamu ya usiku, 18,000 kwa mwezi. Vyeo vya umeneja nilivyoviona pale vilikuwa vya wanajeshi na polisi wastaafu, na sikuona njia ya mhitimu kijana kuvifikia haraka. Sikuichukia kazi ile. Ilinifunza kuandika ripoti fupi inayoeleweka saa tisa usiku, na ripoti hiyo ndiyo niliyoibeba kwenye usaili wa kazi yangu ya sasa.

Benki, Sacco, bima, kampuni za mikopo ya simu. Hapa ndipo nilipo, upande wa kuzuia ulaghai na fedha haramu kwenye Sacco. Sheria ya utakatishaji fedha iko tangu 2009, na tangu Februari 2024 Kenya ilipowekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, taasisi za fedha zimebanwa zaidi kuonyesha kwamba zinawajua wateja wao na kwamba zinaripoti miamala ya kutiliwa shaka. Kazi zipo. Lakini mimi sikuajiriwa kwa sababu ya kriminolojia. Niliajiriwa kwa sababu nilikuwa nimesoma sehemu ya CPA, ile mitihani ya uhasibu, jioni, kwa pesa za zamu ya usiku. Kriminolojia ilinisaidia baadaye: kuhoji mtu bila kumtisha, kulinda ushahidi usiharibike, kuandika taarifa ambayo polisi akiipokea haanzi upya. Ndani ya kazi inanipa nguvu kila siku. Mlango iliufungua CPA.

Kwa hiyo hesabu yangu ya hasara ni hii: miaka miwili na nusu ya kutafuta kazi, faini za HELB, na miaka mingine miwili ya kusoma kitu ambacho ningekianza mwaka wa pili chuoni kama kuna mtu angeniambia. Hiyo inazidi mbali tofauti yoyote ya karo kati ya chuo na chuo.

Naomba mchango wenu, hasa mlioko kazini. Mdogo wangu anasoma.

mzazi_nakuru

Asante sana dada. Mimi nina binti ameitwa kozi hii na wamemweka daraja la nne. Mimi ni mchuuzi wa mboga, baba yake alifariki. Asilimia 30 nitaitoa wapi? Na je, ni kweli akianza na diploma inakuwa nafuu?

dada_mkubwa

Pole sana mama. Kwanza daraja: ana haki ya kukata rufaa kwenye ukurasa ule ule wa ufadhili. Aandae cheti cha kifo cha baba, barua ya chifu na chochote kinachoonyesha mapato yako ya kweli. Watoto wengi hujaza fomu wakiwa saiba na kijana asiyewajua, anaweka "mfanyabiashara" kwenye kazi ya mzazi, na neno hilo linasomeka kama mtu mwenye duka la jumla. Aandike mchuuzi wa mboga, kama ulivyoandika hapa. Asingoje muhula uanze. Ombeni pia basari ya NG-CDF, ule mfuko wa eneobunge, na ya kaunti, hata kama ni elfu tano.

Diploma inafaa kwa aliyekosa C+. Binti yako tayari ana alama za shahada, na diploma itamwongezea miaka kabla ya kufika pale pale. Mimi nisingemrudisha nyuma.

konstebo_kaskazini

Mimi ni askari, niko kituo cha mbali na sitakitaja. Dada amesema kweli ila naongeza la upande wetu. Niliingia na C wazi nikiwa na miaka 20. Wenzangu wawili wa kijijini walienda chuo kusoma kriminolojia mwaka ule ule. Walipohitimu nilikuwa na miaka kadhaa ya mshahara, nimejengea mama nyumba ya mabati, na sina deni. Mmoja wao sasa ni konstebo, chini yangu kwa utumishi. Simsemi kwa kumdharau, ni rafiki yangu na ana akili kunishinda.

Jambo la pili ni la wale wanaosema "nitaingia na digrii nipewe mshahara wa inspekta." Zamani askari mwenye shahada alilipwa kwa ngazi ya inspekta hata kama cheo ni konstebo. Mwaka 2018 malipo hayo yaliondolewa, wenzetu wakakatwa mishahara huku wana mikopo ya benki, ikabidi waende mahakamani. Watu walilia kambini. Kwa hiyo usije huku na shahada ukidhani karatasi itakupandisha yenyewe.

Ukitaka kuwa polisi, na umri na kimo vipo, jaribu usajili kwanza. Ukipata, soma ukiwa kazini. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichopata hati 2023 kinafundisha mtandaoni, na kina shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Nimeianza. Naisoma usiku mtandao ukiwa mzuri, na afisa wangu wa upelelezi ameshaanza kuniita kesi za wizi wa pesa za simu zinapofika.

dada_mkubwa

Afande, shukrani. Umenijibu swali nililokuwa sina wa kumuuliza. Je, nafasi za kadeti, za kuingia moja kwa moja kama ofisa? Mdogo wangu anazitaja sana.

konstebo_kaskazini

Zipo, na shahada inahitajika, lakini ni chache na hazitangazwi kwa ratiba unayoweza kupangia maisha. Ukiziona omba. Ukingojea hizo tu, umri utakupita. Magereza nao wana yao, mafunzo ni Ruiru. Vijana huwasahau Magereza kwa sababu hawana bunduki za kwenye picha, ilhali mtu wa kriminolojia angeona huko mambo aliyoyasoma kwa macho yake: nani anarudi jela, na kwa nini.

afisa_wa_probesheni

Nimeusoma uzi wote na pale ulipofika kwetu ulinivunja moyo kidogo, dada yangu. "Siiwekei tumaini kubwa." Niruhusu nikujibu kwa heshima, kwa sababu nimefanya kazi hii miaka 11 na shahada yangu ni kriminolojia.

Umesema kweli kwamba nafasi ni chache. Mimi nilingoja miaka mitatu. Lakini ukizipima kozi hizi kwa urefu wa kungoja peke yake, utamfanya kila kijana asome uhasibu. Niwaeleze kazi yenyewe, maana hata waliohitimu wengi hawaijui.

Hakimu amemtia mtu hatiani. Kabla ya hukumu anaweza kusema, "Naagiza ripoti ya afisa wa probesheni." Basi mimi natoka. Naenda kijijini, nakaa na mama yake, nakaa na aliyeibiwa, napita kwa mzee wa kijiji, shuleni alikosoma, kwa mwajiri wake wa zamani. Naandika ripoti ya kurasa nne tano: huyu ni nani, kosa lilitoka wapi, aliyekosewa anasema nini, na je, jamii itampokea? Mara nyingi ripoti hiyo ndiyo inayoamua kijana wa miaka 19 aliyeiba betri ya pikipiki anakwenda gerezani kulala na majambazi, au anabaki nje chini ya uangalizi wangu, au anafagia hospitali ya kata kwa amri ya huduma kwa jamii, ambayo tuna sheria yake tangu 1998. Naandika pia ripoti za dhamana. Wafungwa wakitoka, nafuatilia.

Hizo uniti ulizoziita utangulizi wa hiki na kile, mimi nazitumia kila wiki. Swali la kwa nini kijana wa mtaa huu anaiba kuliko wa mtaa ule ndilo hakimu ananiuliza. Analiuliza juu ya mtu mmoja aliyesimama mbele yake.

Kwa anayetaka kazi hii, nina ushauri. Usihangaike na chuo chenye jina, tume haijawahi kuniuliza chuo. Nenda cha umma, kilicho nafuu kwako kwa nyumba na nauli. Atachimenti yako, yaani mafunzo ya kazini, usiifanye kituo cha polisi kama kila mtu, ambako utakaa wiki nane ukipanga mafaili. Andika barua ofisi ya probesheni ya kaunti ndogo yenu. Karibu kila mahakama ina ofisi yetu na watu tulio nao ni wachache kuliko kazi, kwa hiyo mwanafunzi mwenye bidii anapewa kazi halisi. Andika tasnifu yako ya mwisho juu ya jambo la eneo hilo. Baada ya kuhitimu, usikae nyumbani ukingoja tangazo. Jitolee, au tafuta mashirika yanayofanya kazi na watoto walio kwenye mgogoro na sheria. Siku ya usaili utaulizwa umeona nini, na utakuwa na la kusema.

Na ujue Kiswahili vizuri, na lugha ya wenyeji ukiweza. Nimeona ripoti mbaya zilizosababishwa na afisa ambaye hakumwelewa bibi wa watu.

dada_mkubwa

Nimesoma hili mara tatu. Naomba radhi, nililiandika lile sentensi kwa uchungu wa kukosa kuitwa, nikaligeuza kuwa hukumu juu ya kazi nzima. Sikufanya atachimenti kwenu. Niliifanya kituoni nikipanga mafaili, wiki nane kamili, kama ulivyosema.

Ninachobaki nacho ni hofu ya miaka mitatu ya kungoja. Kwetu hakuna wa kumlisha mtu mzima miaka mitatu, na ile faini ya 5,000 haingoji tangazo. Je, ulikula nini?

afisa_wa_probesheni

Swali zuri. Nilifundisha shule ya msingi ya binafsi kama mwalimu asiye na cheti, asubuhi hadi saa tisa. Mshahara ulikuwa mdogo wa kuaibisha. HELB nilianza kuwalipa kidogo kidogo mapema, ndiyo iliyoniokoa na faini. Sitamwambia kijana kwamba ilikuwa rahisi. Mwenye wazazi wasioweza kabisa afikirie kujenga kitu cha pili mapema, hata kama ni CPA uliyosema, ili miaka ya kungoja impate na kazi mkononi. Hapo tunakubaliana.

mbeya_kwetu

Nawafuatilia kutoka Tanzania, wakuu. Kwetu tangazo la Polisi hutaja kidato cha nne, cha sita, stashahada na shahada, na mafunzo ni pale Moshi. Wenye shahada wasome kwa makini fani zilizotajwa kwenye tangazo husika kabla ya kujaza. Nimeona vijana wakikata nauli bure kwa sababu walisoma neno "shahada" wakaacha mstari uliofuata. Mambo ya mkopo kwetu ni HESLB, mpango tofauti, kwa hiyo asije mtu akachukua hesabu za daraja za dada akazileta huku.

dada_mkubwa

Ahsante mkuu, ni kweli, hesabu zangu ni za Kenya peke yake.

mwalimu_wa_takwimu

Nafundisha chuo kikuu, sitasema kipi. Nataka kuongeza jambo moja ambalo halijaguswa. Wanafunzi wa kriminolojia wengi huja wakikimbia hesabu, na uniti ya takwimu huifanya kwa kupita tu. Ni kosa kubwa. Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu kipo kwa sheria ya 1997, na pamoja na mashirika ya utafiti kinataka mtu anayeweza kutengeneza hojaji, kusafisha data na kuisoma. Idara za ulaghai za benki zinataka hivyo hivyo. Ni taasisi chache, na nafasi chache, lakini kila mwaka ninakuwa na darasa la watu zaidi ya mia na wanaoweza kuchora jedwali la maana bila kusaidiwa ni watano. Hao watano sijawahi kusikia wakihangaika kwa muda mrefu. Kujifunza huko hakuongezi karo hata shilingi moja, kompyuta za maabara zipo na jioni zinakaa bure.

dada_mkubwa

Mwalimu, laiti ningekutana nawe mwaka wa pili.

Wakuu, nimalizie kwa kilichotokea nyumbani. Jumamosi tulikaa na mdogo wangu na Mzee, tukaufungua uzi huu kwenye simu, nikausoma kwa sauti. Nilikuwa nimejipanga kumshawishi aombe uhamisho aende kemia, maana ana B ya kemia na anaitaka maabara. Aliposikia habari za glavu na Mkemia wa Serikali alinyamaza. Nikadhani nimempata.

Tulipofika kwa afisa wa probesheni, akaniomba nirudie pale pa kijana wa betri ya pikipiki. Nikarudia. Akasema, "Huyo ni kama Brayo wa kwa kina Wambui." Kuna kijana jirani yetu aliyefungwa kwa kitu kama hicho, akatoka mtu mwingine kabisa. Walisoma darasa moja. Sikujua kwamba bado anamfikiria.

Hajafunga uamuzi, na dirisha la uhamisho bado halijafungwa. Nimempa masharti mawili tu kama dada: akibaki kriminolojia, anaanza CPA au takwimu za ziada mwaka wa pili, na nitamlipia mimi, na HELB anaanza kuilipa hata kwa shilingi elfu moja mwezi ule anaomaliza. Amekubali. Jumatatu anakwenda kukaa nyuma kwenye mahakama ya hakimu hapa mjini, asikilize kesi siku nzima, kisha agonge mlango wa ofisi ya probesheni aulize kama anaweza kurudi Jumanne. Mama amempigia pasi shati.